Nyumba Isiyo na Mtu

Mwanamke aliyeshikwa na uchungu halafu akamwonea haya mkunga, akabana miguu na kujifunika khanga gubigubi, hujiponza yeye na kiumbe chake. Ndiyo maana wazee wetu walisema mficha uchi hazai. Anayeficha shida yake kwa aibu hasaidiki, hata kama msaada wenyewe umesimama mlangoni unabisha hodi. Ndivyo yalivyomkuta Mogesi, mjane wa marehemu Filemoni, katika kitongoji cha Nyakerigo, upande wa Matongo, mkoani Mara.

Zamani Nyakerigo kilikuwa kitongoji cha mihogo, mtama na ng'ombe. Dhahabu ilipowapagawisha watu, na fununu zikaenea kwamba machimbo yatapanuliwa na kila mwenye nyumba atalipwa fidia, watu walianza kujenga usiku na mchana. Nyumba hizo waliziita tegesha, kwa kuwa zilitegeshwa kama mtego wa kwale. Zilikuwa na kuta, bati na milango, ila hazikuwa na watu. Majirani wa kweli waliuza viwanja vyao wakaondoka mmoja mmoja, huyu kwenda Turwa, yule ng'ambo ya mpaka, Kenya. Mogesi akabaki. Kila asubuhi alipotoka nje aliona bati tupu mpaka macho yakachoka, na moshi aliouona ulikuwa wa jiko lake peke yake.

Alikuwa amezaa, tena amezaa wana. Lakini ukimuuliza ni wangapi, hakukujibu. Mama yake alimfundisha kwamba watoto na ng'ombe hawahesabiwi, maana mwenye kuhesabu hukaribisha msiba. Kwa hiyo alijibu, "Wapo. Mungu anawajua." Jibu hilo lilikuwa la heshima siku zile nyumba ilipojaa. Sasa lilikuwa pazia tu. Wawili walikuwa wamelala nyuma ya nyumba karibu na baba yao. Machage, mwanawe mkubwa, na wadogo zake walikuwa Migori, Kenya, na simu zao zilikuwa kama mvua ya kiangazi.

Mogesi aliona aibu. Mama wa wana kula ugali peke yake! Kanisani, siku ya Sabato, alisema anakaa na wajukuu. Zahanati alitaja kitongoji cha dada yake, ili muuguzi asije akamuuliza nani anampikia. Na kwa kuwa vijana walikuwa wakipita mbio na viroba vya magwangala, yale mawe yanayotupwa na wachimbaji wakubwa, alifunga mlango wa mbele kwa kufuli upande wa nje, akawa anapitia uani kama mgeni wa nyumba yake mwenyewe.

Asubuhi moja, akiwa uani anachambua mboga, alisikia sauti mbele.

"Hodi! Hodi wenyewe!" Ilikuwa sauti ya ugenini, si ya watu wa Mara.

"Mura, kijana wangu, utakauka koo bure," ilijibu sauti ya Heche, mwenyekiti wa kitongoji. "Haya yote ni mitego ya fidia. Ni tegesha hizi. Hapa alikuwepo mama mmoja, lakini nadhani mwanawe alishamchukua akampeleka Kenya."

"Unadhani au unajua, mwenyekiti?"

"Si unaona kufuli?"

"Naliona. Lakini nabisha tena. Hodi! Mama, mimi ni Gasto, natoka takwimu. Tunaandika watu, si kitu kingine!"

Mogesi aliziba mdomo kwa kiganja. Alitaka kusema "karibu", akajizuia. Angefungua, yule kijana angeuliza nani wamelala humu, naye angejibu nini mbele ya Heche, mtu ambaye siri haikai kinywani mwake hata kwa muda wa kumeza mate? Akasikia kidole kikigonga kioo cha kishikwambi mara mbili, kisha nyayo zikaondoka. Alimshukuru Mungu kwa kumsitiri. Hakujua kwamba alikuwa amejifuta.

Miezi ikapita. Goti lake la kulia lilianza kuvimba. Chemchemi ilikuwa ng'ambo ya kilima, na kila siku alipanda na kushuka na ndoo kichwani, akipumzika mara tatu njiani. Wanawake wa huko walimzoea.

"Mama Machage, wakamwana zako wako wapi?" mmoja alimtania. "Au wao wanaoga maziwa?"

"Wapo. Mungu anawajua," akajibu, nao wakacheka. Naye akacheka nao, akageuka haraka wasimwone uso.

Siku moja goti likagoma. Alianguka kwenye mteremko, maji yakamwagika yote, naye akakaa pale kwenye tope mpaka jua likawa utosini. Hakuna aliyepita. Ndipo alipoelewa kwamba akianguka tena hivyo, watamkuta kunguru kabla ya binadamu.

Kwa hiyo alipotangaziwa kanisani kwamba bomba la maji linakuja, moyo wake ulipiga kigelegele. Aliufuata mtaro mwekundu wa mafundi siku kwa siku. Ulifika kitongoji jirani, ukapinda kushoto, ukaiacha Nyakerigo nyuma.

"Baba, mbona huku mmeruka?" alimuuliza fundi.

"Shikamoo, bibi. Ramani inasema huko hakuna watu. Nenda ofisi ya kata, watu wa wilaya wapo leo."

Alipanda bodaboda mpaka Nyamongo. Ofisini alimkuta Gasto, kijana wa sauti ile ile, na dada wa maji aitwaye Laurensia. Baada ya shikamoo na marahaba, Gasto aligeuza kompyuta ili naye aone.

"Mama, zamani kila ofisi ilikuwa na daftari lake kabatini, na mwenzake haruhusiwi kuligusa. Siku hizi kuna mfumo mmoja. Afya, elimu, maji na sisi wa takwimu tunaweka namba zetu mtandaoni, kila mmoja anaona za mwenzake na kuzilinganisha. Dada Laurensia akitaka kujua bomba liende wapi, hapigi ramli. Anafungua hapa."

"Na hapo Nyakerigo inasemaje?"

Gasto akasoma taratibu. Wanafunzi, hakuna. Wagonjwa wa zahanati kutoka huko, hakuna. Wachota maji, hakuna, maana chemchemi imehesabiwa ng'ambo ya kilima. Kaya zilizoandikwa, hakuna. "Ofisi nne, mama. Hazikukaa pamoja kupanga, lakini zote zimesema neno moja."

Mogesi aliusogelea ule mwanga wa kompyuta, penye picha ya Nyakerigo iliyopigwa kutoka angani. Zilikuwepo bati, vidoti vya kijivu vilivyopangana kama makaburi. Akautambua mpera alioupanda Filemoni, na kando yake kidoti cha kijivu kama vingine.

"Hiyo ni nyumba yangu," alisema. "Mimi niko humo."

"Lakini mama, mimi mwenyewe nilibisha pale. Nilibisha mara mbili."

"Nilikusikia."

Laurensia akaweka kalamu chini.

"Mashine haijakusingizia, mama yangu," Gasto akasema kwa upole. "Imesema ilichoambiwa. Sasa niambie wewe. Usiku wa kuamkia leo, wamelala watu wangapi katika nyumba hiyo?"

Mogesi akaona pazia lake lote, na wajukuu wa kubuni, na mafundisho ya mama yake. Akapiga moyo konde.

"Mmoja," akasema. Na neno hilo lilipotoka, machozi nayo yakatoka.

Laurensia akamshika mkono. "Nisikudanganye, mama. Kaya moja haivuti bomba. Utaratibu unataka kumi. Ijumaa mtaro unafukiwa. Mkileta kumi, nitapigana. Msipoleta, mkono wangu haufiki."

Siku hiyo ilikuwa Jumanne. Mogesi alirudi akachukua fimbo, akaanza kuzunguka tegesha moja baada ya nyingine. "Hodi! Hodi wenyewe!" Kimya. Nyumba ya saba ilimsimamisha. Kimya cha nyumba tupu na kimya cha mtu aliyezuia pumzi si kitu kimoja, na hiki cha pili Mogesi alikijua kuliko mtu yeyote. Akazunguka uani. Akamkuta mwanamke wa makamo amekumbatia watoto wawili.

"Nani kakwambia nipo?" yule mwanamke alifoka. "Mwenye nyumba kanipa nilinde, kasema nisionekane, hata moto niwashe usiku tu!"

"Hakuna aliyeniambia. Na mimi najificha hapo chini, mwaka wa nne huu. Nilijua niko peke yangu."

"Wewe ndiye wa ule mpera? Ee Mungu! Mimi nilidhani ule moshi ni wa wachoma mkaa!"

Waliangaliana, wakacheka mpaka watoto wakashangaa. Jina lake lilikuwa Waisiko, na aliposikia habari ya bomba alikubali kuandikwa. Wakaendelea wawili, na Heche, aliyesikia habari akaona haya kwa kusema hakuna watu, akafuata nyuma. Walinzi wengine wa tegesha waliwafukuza. Wengine walifungua. Kufikia Alhamisi jioni kaya kumi na moja zilikuwa zimejitokeza, na Gasto akaja na kishikwambi, akaandika mpaka betri ikakaribia kuzima. Ijumaa asubuhi Laurensia akawasimamisha mafundi wenye sepetu mkononi, nao wakaukata mtaro kuelekea Nyakerigo.

Wiki ya tatu maji yakatoka, kwanza yakiwa na udongo, kisha meupe. Mogesi alijaza ndoo yake akaibeba hatua arobaini tu. Simu ya Migori haikuwa imelia, na jioni hiyo alikula peke yake kama jana. Lakini Waisiko alipopita akapaza sauti, "Mama Machage, upo?", naye akajibu kwa sauti iliyofika mpaka barabarani, "Nipo! Karibu!" Tangu hapo, kila mtu wa Nyakerigo aliyeulizwa kwa nini alikawia kunywa maji karibu na nyumba yake, alijibu kwa maneno matatu tu: mficha uchi hazai.