Basi la Mwisho la Mvungweni

Nakijwa, msimamizi wa mabasi ya umma ya mkoa, aliitwa ofisini kwa Mheshimiwa Mrutu, mwenyekiti wa baraza.

"Fungu la dizeli la njia ya Mvungweni nimelifuta," Mrutu alisema. "Huko milimani hakuna abiria wa maana. Mwisho ni Jumamosi, saa sita mchana."

"Uamuzi wa kishujaa, mheshimiwa," Nakijwa alijibu. "Ila wananchi watanung'unika. Ungepanda basi la mwisho ukawaage mwenyewe, wangekupenda. Mpiga picha nitamleta mimi. Gari lako, lile shangingi, liache mjini, lisiharibu picha."

Jumamosi Mrutu alipanda basi pamoja na Nakijwa, akapigwa picha hadi Mvungweni, akawahutubia wanakijiji. Mvua ilipoanza, alirudi mbio kitini.

"Haya, twende," alimwambia dereva.

"Saa sita imepita, mheshimiwa," Nakijwa alisema. "Njia hii haina basi tena."

"Sasa mimi nitafikaje mjini?"

"Hata wanakijiji hawa wanajiuliza hivyo hivyo."

"Geuzeni gari!"

"Kwa dizeli ya fungu gani, mheshimiwa?"

Mrutu aliitazama barabara ikigeuka tope, akavitazama viatu vyake. Alimpigia simu mhazini, na mbele ya kijiji kizima akaamuru fungu lirudishwe.

Nakijwa alimpungia dereva mkono, gari likanguruma. Mrutu akachungulia mshale wa dizeli. Tangi lilikuwa limejaa.

"Si ulisema dizeli hakuna?"

"Sikusema, mheshimiwa. Niliuliza tu ni ya fungu gani."