Pimbi na Sufuria ya Kumi

Nije na hadithi?
Njoo nayo.
Nije na uwongo?
Njoo nao, mradi uwe mtamu.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisoma kutushinda sisi, palikuwa na vyuo viwili vigumu kuingia. Chuo cha Mwambani kilichukua wanafunzi kumi kwa mwaka. Chuo cha Mtoni kilichukua tisa, kikamringia huyo mmoja aliyeachwa nje.

Binti Pimbi alisoma Mwambani, na alipapenda. Asubuhi wenzake walijipanga juu ya jiwe kuota jua, ubavu kwa ubavu, Mwalimu Kobe akisoma somo polepole mpaka jiwe lipate moto. Lakini tiba ya kifua ilifundishwa Mtoni tu, na kila masika kikohozi kiliwachukua watoto wa ukoo wao. Mwaka ule kikamchukua mdogo wake. Pimbi akaamua kuhama.

Msajili wa Mtoni alikuwa Fisi. Swala akampelekea barua ya kuomba nafasi na kapu la chakula. Fisi akala, nyam nyam nyam. “Nafasi zimejaa. Rudi mwakani.” Ngiri akapeleka kapu. Nyam nyam nyam. “Rudi mwakani.” Pimbi akapeleka barua, matokeo mazuri na kapu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Nyam nyam nyam. “Rudi mwakani.”

Pimbi alilia njia nzima. Alipofika nyumbani akafuta machozi, akabandika makongoro jikoni.

Mtoni walikuwa na desturi. Siku ya kufungua chuo kila mwanafunzi mpya alipika, na msajili akaonja mbele ya Mkuu wa Chuo, Tembo. Msajili akishaonja, mwanafunzi amepokelewa na hafukuzwi tena.

Kesho yake chuo kikafunguliwa, zikapangwa sufuria tisa. Pimbi akaiweka yake mwisho, akafunua kifuniko kidogo tu. Fuuu, mvuke ukatoka.

Fisi akaonja ya kwanza, lamba. Ya pili, lamba. Ya tisa, lamba. Ya kumi hakulamba, aliingiza kichwa kizima. Gubu gubu, ka-ka-ka!

“Msajili,” akauliza Tembo, “huyu wa kumi umempokea lini?”

Fisi alitaka kukana, lakini mdomo ulikuwa na kongoro.

“Sasa hivi, Mkuu,” akajibu Pimbi, akatoa matokeo yake. Tembo akayasoma, akatikisa masikio. “Karibu Mtoni, binti.”

Pimbi akasoma. Lakini Mtoni palikuwa na baridi, na kila asubuhi alitafuta jiwe, akakaa peke yake, akawakumbuka wenzake.

Alirudi baada ya miaka mitatu na mfuko wa dawa. Masika yale hakufa mtoto hata mmoja. Asubuhi akapanda jiweni, akakuta wenzake wamesogeleana, katikati wameacha pengo la mtu mmoja. Mwalimu Kobe akainua macho kwenye kitabu kilekile.

“Kaa, binti. Hujapitwa na mengi.”

Fundisho: tulieni katika chuo mlichopangiwa, wanangu, msihangaike. Na mkihangaika, pikeni vizuri.

Uwongo wangu nimeutua hapa. Mwenye wake ajitwike.