Bi Mize na Nyumba Iliyomlisha

Paukwa, wanangu!

— Pakawa!

Mbona sauti ya njaa? Paukwa!

— Pakawaaa!

Haya. Hapo kale, Mungu amrehemu aliyenihadithia, palikuwa na kikongwe jina lake Bi Mize. Alikuwa na nyumba ya mawe, na hakuwa na kingine. Mumewe kafa. Mtoto wake mmoja, Asila, kaolewa mji wa mbali. Asila akija kumtazama huuliza, "Mama, umekula?" Bi Mize hujibu, "Nimeshiba, mwanangu." Uongo! Chungu kimefunikwa, ndani maji matupu. Aliona haya. Na nyumba hataki kuihama. Humo aliingia bibi harusi, humo alitaka atolewe maiti.

Siku moja akaja Fisi na kapu la nyama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Nipe nyumba, nyama yote hii yako."

Harufu ile! Bi Mize akanyanyua mikono isomwe Fatiha, maana kwao Fatiha ikishasomwa, neno halirudi. Mara nyumba ikalia kwa boriti zake, kwa, kwaaa: "Bi Mize, Bi Mize, mikono teremsha! Uliza kwanza..."

— Utalala wapi!

Ehee, mmejuaje? Akauliza. Fisi akacheka. "Nje, bibi! Kanga si unazo?"

"Toka, mroho we!"

Akaja Kunguru. "Mimi sikutoi, bibi. Nitakulisha humu humu mwaka mzima, kisha nyumba yangu."

Bi Mize mikono juu tena. Binadamu hatufunziki, nami wa kwanza. Nyumba ikalia, kwa, kwaaa: "Bi Mize, Bi Mize, mikono teremsha! Mwaka ukiisha..."

— Utalala wapi!

Kunguru akatazama pembeni. "Kwani mwaka hautoshi kufa? Ukichelewa, shauri lako." Naye akatimuliwa.

Wa tatu akaja Kobe. Katoka alfajiri, kafika mlangoni adhuhuri. "Bibi, kila Ijumaa nitakuletea unga, samaki na mafuta, maisha yako yote. Utakaa humu. Siku Mungu akikuchukua, nyumba iwe ya wajukuu zangu."

"Na nikiishi sana?"

"Ishi, bibi. Sisi makobe tuna umri wa kungoja."

Nyumba kimya. Mikono juu! Safari hii Kobe ndiye aliyemzuia. "Bado. Mrithi wako hajasikia."

Bi Mize akawaza: Bora njaa kuliko aibu hii! Lakini Asila alipokuja, Bi Mize akakifunua chungu mbele yake. "Mwanangu, nisamehe. Nakwambia nimeshiba, nami nalala na njaa. Nyumba hii ni urithi wako, na nataka kuila."

Asila akachungulia chunguni. "Nyumba niliitaka, mama, sisemi uongo. Lakini nirithi mawe, na wewe umekufa njaa? Kula, mama."

Wakanyanyua mikono wote watatu. Amin.

— Amin!

Bi Mize akala, akanawiri, akaishi mpaka Kobe akalalamika. "Bibi, wajukuu zangu nao wana wajukuu!"

"Mshukuru Mungu pamoja nami, Kobe. Kaa ule samaki."

Akafa Ijumaa, kitandani mwake, alhamdulillahi mdomoni. Asila akamkabidhi Kobe ufunguo, kwa mikono miwili.

Basi, wanangu, kabla ya kuitika amin, sikieni sharti lote. Na njaa msimfiche aliye wenu. Mimi nilikuwa mwepesi wa amin, Mungu anisamehe. Hadithi yangu imefika kwao, imeketi. Alhamdulillahi.