Sisikii, Mbwa Aliyefika Kileleni

Hapo zamani, na sogeeni karibu maana nitataka jibu lenu, palikuwa na mlima ukiitwa Ikongwe. Haukuwa mlima wa kutisha. Njia yake ilipanda taratibu, kwanza kwenye migomba, kisha msituni, kisha kwenye mwamba mmoja tu unaoteleza, kisha kwenye majani mafupi yanayolazwa na upepo, mpaka kileleni. Mtu mwenye pumzi ya kawaida angepumzika mara mbili tatu kivulini na kufika juu kabla jua halijawa kali. Lakini hakuna aliyepanda, kwa sababu Jumbe Sangiwa alikataza.

"Mwanamke asipande," alisema Jumbe. "Mtoto asipande. Mbwa asipande kabisa kabisa. Atakayekanyaga kilele atapofuka. Huko juu napanda mimi, kwa niaba yenu."

Na watu wakaitikia, "Ndiyo, Jumbe."

Mwaka mmoja mfereji wa kijiji, ule unaoteremka kutoka msituni, ulikauka. Nakijwa alikuwa mjane, na shamba lake lilikuwa la mwisho kabisa bondeni, hivyo yeye ndiye aliyetangulia kuona tope likipasuka na mahindi yakijikunja. Wanawe wakaanza kula majani ya mwituni. Nakijwa akaenda kwa Jumbe.

"Maji yamekwenda wapi?"

"Mlima umekasirika."

"Umekasirishwa na nani?"

"Na wanawake wanaouliza maswali."

Watu walicheka. Nakijwa hakucheka. Alirudi nyumbani, akajiambia, "Kama mlima una hasira, basi tutakutana wenye hasira wawili."

Kulipokucha alijifunga kaniki yake, akaenda kwa jirani yake, Bibi Naetwe, kuazima mbwa. Msituni kulikuwa na chui, na mwanamke wa peke yake alihitaji masikio ya ziada.

Mbwa huyo aliitwa Sisikii. Mama yake alikuwa mbwa wa Mbazi, mwindaji. Mbwa jike yule alikufa akaacha kitoto kimoja ambacho hakijafumbua hata macho, na Mbazi akakitupa kichakani akisema hakitaishi. Bibi Naetwe alikiokota. Alikitafunia viazi kinywani mwake mwenyewe, siku baada ya siku, mpaka kikasimama na kubweka. Akakipa jina hilo makusudi, ili kila Jumbe akipita na amri zake, bibi apate kuita kwa sauti, "Sisikii! Sisikii!"

"Mchukue," alisema Bibi Naetwe. "Na mimi nakuja."

"Bibi, na miguu hiyo?"

"Kwani nimekuomba yako?"

Kwenye migomba wakakutana na Mbazi, aliyekuwa rafiki mkubwa wa marehemu mume wa Nakijwa.

"Shemeji, unajua unakokwenda?"

"Kileleni."

"Na mbwa?"

"Na mbwa."

Mbazi aliutazama mlima. Akamtazama mbwa yule aliyemtupa zamani. Akachukua mkuki wake. "Basi nitangulie. Msituni njia zinachanganya."

Wakapanda. Pale migomba inapokwisha, njia inabanwa na mawe mawili makubwa, na hapo miguu ya Bibi Naetwe ikagoma. Alipogeuka nyuma aliwaona walinzi wa Jumbe wakija mbio na marungu. Akaketi katikati ya njia, akanyoosha miguu yake yote miwili.

"Nendeni," alisema. "Anayetaka kupita hapa na anikanyage."

Walinzi walifika, wakafoka, wakatishia. Bibi akawaambia, "Kanyageni." Nani angemkanyaga bibi wa umri ule? Ikawabidi wazunguke kwenye miiba, wakichanika na kulaani.

Juu ya msitu ulikuwa ule mwamba unaoteleza. Nakijwa aliupanda kwa mikono na magoti, lakini Sisikii aliparamia akaporomoka, akaparamia tena akaporomoka. Walinzi wakatokea chini wakirusha mawe. Mbazi akamweka mbwa mabegani kama mtu anayebeba mbuzi, akaanza kupanda. Jiwe moja likampiga gotini. Nakijwa aliusikia mfupa ukivunjika. Mbazi hakumwachia mbwa. Alimfikisha juu, akamweka chini, kisha akaketi ukingoni mwa mwamba na mkuki mapajani.

"Mguu huu umekwisha, shemeji. Lakini mkuki bado upo, na hakuna atakayepita. Nenda."

Nakijwa akaenda, yeye na mbwa tu. Alipokaribia kilele, maneno ya Jumbe yalimrudia na kope zikataka kujifunga zenyewe. Akakataa. Akayakodoa macho yake kwa makusudi, akapiga hatua, akasimama juu ya Ikongwe.

Hakupofuka. Aliona milima nyuma ya milima, kila mmoja wa samawati kuliko mwenzake. Aliona nyika imetandazwa mpaka macho yakachoka kuifuata, na mvua ya mbali ikitembea peke yake juu ya nchi asiyoijua jina. Upepo ukampiga usoni naye akalia, si kwa huzuni. "Kumbe hivi ndivyo vitu alivyokuwa akivitazama peke yake," alisema. "Kwa niaba yetu!"

Mara Sisikii akanyanyua pua, akakimbia kuteremka upande wa pili. Nakijwa akamwita, "Rudi hapa!" Mbwa akasimama, akamgeukia, akabweka, akaendelea. Nakijwa akamfuata. Kwenye korongo, chini kidogo ya kilele, wakakuta bwawa la mawe na magogo, na mfereji mpya ukipeleka maji yote ng'ambo. Na huko ng'ambo, jamani, miwa ya Jumbe ilikuwa imesimama kijani, imenona!

Nakijwa alivuta magogo mpaka kucha zikang'oka. Sisikii akafukua tope kwa miguu ya mbele. Bwawa likapasuka, na maji yakakumbuka njia yake ya zamani ya kuuzunguka mlima hadi kijijini.

Walipoteremka, walinzi wakiwa wameshaukimbia mkuki wa Mbazi, huku Mbazi akimwegemea Nakijwa begani, maji yalikuwa yameshatangulia kijijini. Jumbe Sangiwa alisimama uwanjani mbele ya watu wote. Kuhusu maji hakusema neno.

"Mbwa amekanyaga kilele," alisema. "Mwenye mbwa ataondoka leo hii, na nyumba yake itachomwa moto. Huyu ni mbwa wa nani?"

Nakijwa alifungua mdomo, lakini Bibi Naetwe alimtangulia.

"Wangu. Nimemlea kwa mate yangu. Nichomee."

"Bibi anasema uongo," alisema Mbazi. "Mama yake alikuwa wangu, basi na mtoto ni wangu. Nichomee mimi."

"Wote wanasema uongo," alisema Nakijwa. "Mimi ndiye niliyekwenda naye hadi juu. Mbwa ni wangu, na macho yangu haya hapa, yanaona. Yameona miwa yako, Jumbe."

Jumbe akangoja ile "Ndiyo, Jumbe." Haikuja. Mwanamke mmoja akambeba mtoto mgongoni, akaanza kuufuata mlima. Wa pili akamfuata. Kisha kijiji kizima kikapanda, wanaume, wanawake, watoto na mbwa wao, kwenda kujionea. Waliporudi, Jumbe alikuwa ameshahama.

Sasa sikilizeni. Zamu ya kwanza ya maji kila asubuhi ilikuwa ya Jumbe. Wazee wakasema, "Zamu hii apewe mwenye mbwa, kwa sababu mbwa ndiye aliyelifichua bwawa. Haigawanyiki. Mfereji ni mdogo, ukikatwa mara tatu maji hayafiki kwa yeyote. Haya, mbwa ni wa nani?"

"Wangu," alisema Bibi Naetwe. "Alitupwa, mimi nikamwokota. Na njia niliizuia kwa mwili wangu. Nilisema wangu mbele ya moto, nasema wangu mbele ya maji."

"Wangu," alisema Mbazi. "Nilimtupa, kweli, lakini nimemlipia kwa goti. Sitawinda tena maishani, nitalima kwa kukaa. Nilisema wangu mbele ya moto, nasema wangu mbele ya maji."

Nakijwa alilitazama goti la Mbazi lililovimba, na moyo wake ukataka kurudi nyuma. Kisha akawatazama wanawe, mbavu zao zikihesabika. Akakumbuka kwamba asubuhi ile ya kupanda hakuna aliyemtuma.

"Wangu," alisema. "Bila mimi angekuwa bado amelala uani. Mbwa mwenyewe alinigeukia mimi kule juu, akanibwekea nimfuate. Nilisema wangu mbele ya moto, na sirudishi neno langu."

Wazee walitazamana, wakashindwa. Wamenituma kwenu.

Je, Sisikii ni mbwa wa nani, na nani alistahili maji?