Kamba ya Paa na Salamu za Fisi

Mwaka ule jua liliwaka Mkunguni mpaka mito ikabaki mchanga mtupu, na wanyama wote wakahamia kwenye mwamba mmoja uliokuwa bado ukitoa maji. Yalichuruzika taratibu, yakajaza kijishimo cha jiwe kiasi cha kumtosha mnyama mmoja, na yakishanywewa ndipo yaanze kuchuruzika upya. Mwanzoni kila mmoja alisimama palepale juani akikikodolea macho kijishimo na kuuliza, "Yamejaa?" Baada ya kitambo, "Na sasa je?" Wakachoka kwa kungoja kuliko kwa kiu, na aliyefikiwa na zamu hakuwa na nguvu hata ya kuinamisha shingo.

Simba, ambaye alikuwa mfalme na hakupenda siku ipite bila watu kukumbushwa hilo, akatoa sheria.

"Anayefika aangalie kwanza. Akikuta maji, anywe. Akikosa, aende kivulini, ajifunge kamba mguuni, alale. Kanga atamvuta zamu yake ikifika. Atavutwa mara moja tu kwa siku, maana mimi nami nataka kulala. Na maji yakikosa mwenyewe, aliye karibu ayanywe yasikauke bure."

"Na sheria ikiwa na kasoro, Mfalme?" akauliza Sungura.

"Ikiwa na nini?"

"Nilikuwa nakohoa tu," akasema Sungura.

Basi kamba ndefu zikasokotwa kwa magome ya miti, kila mnyama na yake, zikatandazwa kutoka mwambani mpaka kwenye miti yenye kivuli upande wa pili wa vichaka. Kanga akakaa juu ya mwamba. Mnyama akifika, Kanga aliiweka kamba yake mwisho wa safu. Kijishimo kikijaa, aliishika kamba ya mbele kwa mdomo, akaivuta mvuto mmoja mrefu, kisha akaitupa upande wa waliokwisha. Wanyama wakaanza kulala fofofo na kuamka wana nguvu, na wengi wakasema kwamba Simba, pamoja na majivuno yake, safari hii amepatia.

Paa naye alisema hivyo, siku za mwanzo. Alikuwa na mtoto anayenyonya, na asipokunywa maji ziwa lake lilikauka. Kila asubuhi alimficha mtoto kichakani, akaenda mwambani na kuangalia, na akikuta hakuna maji alishika njia ya kwenda kivulini.

Siku moja kwenye kona ya njia hiyo alimkuta Fisi amesimama.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mtoto hajambo? Na mama mkwe? Ule mguu wake ulipona? Na wajomba zako wa kule bondeni, bado wako hai na jua hili?"

Paa alikuwa amelelewa vizuri. Kumkatiza mkubwa anayekusalimu halikuwa jambo alilowahi kulifanya, kwa hiyo alijibu moja baada ya jingine, wajomba, shangazi, na mashemeji ambao hata yeye alikuwa amewasahau. Mara Fisi akatupa jicho mwambani, akasema, "Haya mwanangu, nisikucheleweshe," akaondoka mbio. Paa akaenda kivulini, akajifunga kamba, akalala.

Alilala mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuna aliyemvuta.

"Nilikuvuta," akasema Kanga alipoulizwa. "Kamba yako ile pale, kwa waliokwisha."

"Dada Kanga, mimi sikuhisi kitu."

"Hilo sijui. Kamba nyepesi, kamba nzito, mimi navuta."

Kesho yake ikawa vilevile. Fisi alikuwa palepale kwenye kona, na safari hii aliulizia mpaka majirani. Jioni mtoto wa Paa alinyonya, akaacha, akanyonya tena, kisha akalaza kichwa chini bila hata kulia. Paa aliogopa kimya kile kuliko ambavyo angeogopa kilio. Akambeba mpaka kivulini kwa wenzake, akaketi akitokwa na machozi.

Sungura, aliyekuwa amelala karibu, akafumbua jicho moja.

"Ulipofika uliangalia maji?"

"Niliangalia. Hayakuwapo."

"Halafu ukajifunga?"

"Nilipofika hapa."

"Na katikati hapo ulikuwa wapi?"

"Njiani. Mzee Fisi alikuwa ananisalimu."

Sungura akafumbua jicho la pili. "Basi kamba yako ilivutwa ikiwa haina mguu. Kanga akajua umeamka. Wewe ukaja kulala, ukingoja kuamshwa na mtu ambaye kwake ulikwisha kuamka. Na yule mzee mwenye adabu akakimbilia maji yasiyo na mwenyewe, akanywa yako, akabaki papo hapo mpaka yakajaa yake, akanywa na hayo."

Paa alisimama kwa hasira. "Nakwenda kwa Mfalme."

"Kumwambia sheria yake ina tundu? Mimi ngozi yangu ni moja, nimeizoea. Ngoja niende mimi, nikaliseme kwa njia nyingine."

Sungura akamwendea Simba, akapiga magoti. "Mfalme, sheria yako ni kubwa kuliko vichwa vyetu. Sisi wadogo tukishaangalia maji tunasahau kujifunga. Tunaomba tujifunge kwanza, ndipo twende kuangalia tukiwa na kamba mguuni."

"Wadogo wana ruhusa ya kuwa wasahaulifu," akasema Simba, akageukia upande wa pili.

Usiku haujaingia, kila aliyekuwa kivulini alikuwa ameambiwa. Fisi hakuambiwa, kwa sababu hakuwa na kawaida ya kufika kivulini.

Asubuhi Paa alijifunga kwanza, akaenda mwambani na kamba yake nyuma, mtoto akimfuata kwa kuyumba. Kijishimo kilikuwa kikavu. Akamlaza mtoto kando ya jiwe penye ubaridi kidogo, akashika njia. Fisi, aliyekuwa amefika mara tu baada yake, alikuwa amekwisha kutangulia kwenye kona.

"Marahaba, mwanangu," akasema, kabla hata hajasalimiwa. "Na yule bibi yako mzaa mama..."

"Bibi ni mzima. Na babu pia."

"Na mdogo wake babu, yule aliyekuwa na—"

Mguu wa Paa ukavutwa kwa nguvu hata akapepesuka. "Samahani, Mzee Fisi, naitwa," akasema, akageuka na kukimbia. Alikunywa mpaka jiwe likabaki kavu, kisha akajilaza kando ya mtoto wake na kumpa ziwa.

Fisi alibaki njiani. Angekuwa mwingine angekwenda kujifunga na kungoja zamu yake, iliyokuwa inafuata. Lakini roho ilimuuma kwa yale maji ya Paa, na mara akamwona Ngiri anakuja. Akajisemea kwamba la Paa limempita, la Ngiri halimpiti, akasahau kwamba kamba iliyo mbele sasa ni yake.

"Ngiri, ndugu yangu. Hujambo? Shangazi yako hajambo?"

Walikuwa wamefika kwa binamu wa pili wakati Kanga alipoinama juu ya mwamba na kuvuta kamba. Fisi alimwona. "Haya ndugu yangu, nisikucheleweshe," akasema, akatimua vumbi.

Alipofika, mtoto wa Paa, ambaye ndiye aliyekuwa karibu, alikuwa amekwisha kunywa na sasa analamba jiwe.

"Hayo yalikuwa ya Ngiri," akafoka Fisi.

"Yalikuwa yako," akasema Kanga. "Nimekuvuta sasa hivi. Mpaka kesho."

Ukazuka ugomvi mkubwa hata Simba akatoka pangoni na usingizi machoni.

"Nani anasema sheria yangu ina tundu?"

"Si mimi, Mfalme," akasema Fisi. "Mimi nasema tu sikuamshwa."

"Kanga, ulimvuta?"

"Nilimvuta."

"Basi aliamka."

"Sikuamka, Mfalme, kwa sababu sikuwa nimelala."

"Mguu wako ulikuwa kwenye kamba?"

"Haukuwa."

"Wewe mwenyewe ulikuwa wapi?"

Fisi akapima majibu yake. Akisema alikuwa kivulini, Kanga alikwisha kumwamsha. Akisema alikuwa njiani, ataulizwa alikuwa akifanya nini.

"Alikuwa na mimi," akasema Ngiri, aliyefika akihema, kamba mguuni. "Ananiuliza hali ya shangazi yangu. Mimi sina shangazi."

"Kabla ya hapo alikuwa na mimi," akasema Paa. "Na jana. Na juzi."

Kutoka kivulini wakaanza kujitokeza wengine, mmoja mmoja, kila mmoja na salamu zake na siku yake ya kiu. Simba aliwasikiliza wote. Lakini lilikuwepo jambo moja ambalo hakuwa tayari kulikubali.

"Sheria yangu haina tundu," akasema mwishowe. "Tundu ni Fisi. Mfungeni kamba, na asiondoke kivulini mpaka avutwe kesho."

Sungura akalikaza fundo mwenyewe. Fisi akajilaza, ulimi nje, akingoja siku nzima kuamshwa naye akiwa macho. Nami niliyewasimulia nasema hivi: anayeshughulika kuiba zamu za wenzake, yake humpita akiwa kazini.