Shingo Motoni, Kitako Majini

Shingo motoni, kitako majini. Ukiitaja methali hii mbele ya wasichana, watacheka kwanza ndipo waulize. Ndivyo ilivyokuwa nyumbani kwa Bibi Kalunde, mjini Tabora, siku mashangazi wa bwana harusi walipokuja kuzungumza habari za mjukuu wake, Nshoma. Wageni walikula wakashiba, kisha wakasema kwa upole kwamba kwao mke wa mtu halali bwenini, kwa hiyo chuo cha uuguzi, ambako Nshoma alibakiza mwaka mmoja, kingefaa kiachwe. Wakahamia barazani kungoja jibu. Shangazi yake Nshoma alipita jikoni kuchukua birika la chai, akamwambia msichana maneno hayo manne tu, akatoka.

Nshoma na wadogo zake waliangua kicheko kwa sababu ya hicho kitako. Bibi Kalunde alikuwa akichambua mchele, akawaacha wacheke mpaka wakachoka. Ndipo akawaambia kuwa kitako kinachosemwa si hicho walichokikalia. Ni kitako cha ganda la risasi, na maneno yenyewe yalizaliwa katika karakana ya baba yake mzazi. Wakamwuliza ganda la risasi na harusi wapi na wapi. Bibi akawasukumia ungo wa pili, maana hakuwa mtu wa kusimulia bure, akasema: methali hii ilianza hivi.

Baba yake aliitwa Mihayo, fundi wa bunduki mwenye kibali cha serikali, enzi za mkoloni, vita vya pili vilipokuwa vimekwisha. Ufundi aliupata jeshini. Mkono wake ulikuwa mwepesi, na moyo wake mwepesi zaidi. Neno "hapana" lilimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Ukimletea kufuli bovu atasema lete, ukimletea cherehani atasema lete, hata kama mezani pana bunduki tatu zinazomngoja. Karakana ilijaa vitu vya watu, na watu wakajaa maneno. Mkewe, Nyamizi, alimwonya mara nyingi kwamba mtaka yote hukosa yote. Mihayo alimjibu "kweli kabisa, mke wangu," kisha akapokea baiskeli ya jirani.

Nyamizi alitoka Itundwe, kijiji cha wakulima wa mpunga kando ya mto. Mto ule ulikuwa na viboko, na viboko hawakupenda majani ya porini kama walivyopenda mpunga wa watu. Mwaka uliotangulia walikuwa wameumaliza mpunga wa bonde zima. Watu wakaishi kwa uyoga na mizizi, na mama yake Nyamizi, ambaye hata kabla ya hapo hakuwa na nguvu, akafa katika njaa ile. Mihayo alimlilia kama mama yake mwenyewe, kwa sababu alikuwa mkwe aliyempenda.

Kijiji kilikuwa na bunduki moja tu ya halali, ya mzee Ntobi, baba yake Nyamizi. Ilikuwa ya tangu Wajerumani, na sasa ilibebwa na mwanawe, Shija, aliyelinda mashamba. Chuma chake kilikuwa kizima, ila risasi zake zilikwisha. Dukani waliambiwa kiwanda kilichozitengeneza hakipo tena, hata ng'ambo hazipatikani. Ndipo mzee Ntobi alipoileta bunduki Tabora, akailaza mezani kwa mkwewe na kumwambia amtengenezee risasi zake kwa njia anayoijua fundi. Mpunga ulikuwa umeanza kuchanua.

Sasa sikilizeni, akasema Bibi Kalunde. Kwa desturi yetu, mkwe akikutana na baba mkwe njiani humpisha. Hamtazami usoni, hapandishi sauti mbele yake, wala hamkatalii jambo. Desturi nzuri. Lakini kwa mtu kama Mihayo ilikuwa ni kumsukuma anayeteleza. Aliitikia "ndiyo, baba" kabla mzee hajamaliza kusema.

Kazi yenyewe iliwezekana. Mihayo alikuwa na gunia la maganda matupu ya bunduki nyingine, zilizo kubwa kuliko ile ya mzee. Alikaa nalo kizingitini akichagua. Ganda lenye ufa, hata mwembamba kama unywele, alilitupa. Lililokuwa na mstari wa kung'aa karibu na kitako alilitupa pia, kwa sababu mahali hapo shaba imekwisha kuchoka na siku moja itakatika. Lakini kabla ya yote alipima kitako, kwa sababu ganda huchaguliwa kwa kitako. Kitako ndicho kinachokaa kwenye bunduki na kuuzuia moto usimrudie mfyatuaji, na hakibadilishwi. Shingo, yaani kule mdomoni risasi inakoshikwa, ni jambo la kutengenezwa: utaibana, utaivuta, utaikata, mpaka ienee.

Aliyapata maganda yenye kitako kilichofaa. Akachonga kalibu ya chuma yenye umbo la ndani ya bunduki ya mzee, akawa anayasukuma humo kidogo kidogo ili shingo zibanwe. Hapo shida ikaanza. Shaba ina tabia kama ya mtu: ukiigonga na kuibana sana hukasirika, huwa ngumu, na ukizidi kuilazimisha hupasuka. La kwanza lilipasuka shingoni. La pili vivyo hivyo. Aliyasukuma polepole, akayapaka mafuta, nayo yakaendelea kupasuka. Na kila lori la Itundwe lililoingia mjini lilikuwa na mtu aliyeagizwa na mzee Ntobi kuuliza kama tayari. Mihayo alimjibu kila mmoja kwamba bado kidogo tu.

Dawa ya shaba iliyokasirika ni moto, na Mihayo aliijua. Moto huituliza, ikawa laini tena. Lakini kupasha shingo peke yake, ganda moja baada ya jingine, ni kazi ya subira, na subira alikuwa ameshawagawia watu wote ila nafsi yake. Basi aliwasha makaa, akayamwaga maganda yote humo, yakaiva mekundu kuanzia mdomoni mpaka kitakoni. Yalipopoa akayatia kwenye kalibu. Yalikwenda yenyewe, bila ubishi, kama watoto waliokwisha kuchapwa. Hakuna lililopasuka. Mihayo akayasugua kwa majivu na limau mpaka yakang'aa, akampelekea mzee salamu kwamba aje.

Kitu kimoja alikifanya sawasawa, na ndicho kilichomwokoa. Alilijaza ganda moja tu, akaibana bunduki kwenye jiliwa, kile chuma cha mezani cha kubania vitu, akafunga kamba mahali pa kufyatulia na kuivuta akiwa nyuma ya ukuta. Mlio haukuwa mlio wa bunduki, ulikuwa kama wa sufuria iliyoanguka. Alipokwenda kutazama, moto ulikuwa umerudi nyuma badala ya kwenda mbele na risasi. Kitako cha ganda, kwa kuwa laini, kilikuwa kimetanuka kama donge la unga wa ngano na kuachia. Chuma cha bunduki kilistahimili, lakini mbao ilikuwa imepasuka pale pale ambapo Shija huweka shavu lake.

Mihayo alikaa chini sakafuni. Hakufikiri habari za mbao. Alifikiri kwamba nyumba ile ilishazika mtu mmoja kwa ajili ya mpunga, na yeye, kwa kuogopa kusema "bado," nusura aizikishe wa pili. Alijichukia siku hiyo, na alilisema jambo hilo waziwazi mpaka alipozeeka.

Hajainuka vizuri, mzee Ntobi huyo mlangoni, na Shija nyuma yake. Mzee aliyaona maganda yaliyopangwa mezani yanang'aa, uso wake ukafunguka.

"Mwangaluka, mkwe. Naona kazi imeiva. Yajaze baruti tuwahi lori la mchana."

Mihayo aliinamisha macho kama desturi inavyotaka. Akaitikia salamu, akampa mzee kigoda chake mwenyewe, akamwita mkewe alete maji ya kunywa. Kisha akasimama kati ya mzee na meza.

"Haya sitayajaza, baba."

Nyamizi, aliyekuwa anaingia na kata ya maji, alisimama pale pale. Hakuwahi kumsikia mumewe akisema neno la namna ile, sembuse kwa baba yake.

"Unajua unazungumza na nani?" mzee akauliza.

"Nazungumza na baba yake Nyamizi na Shija. Ndiyo maana siyajazi. Nimekukosea, baba, nisamehe. Nilikuambia njoo nikiwa sijui nilichokuitia. Shija akifyatua hili, hatarudi na jicho."

"Na viboko je? Watangoja ufundi wako? Nilimzika mama yake huyu kwa ajili ya bonde lile."

"Tulimzika pamoja, baba. Kanikemee, kanishtaki kwa wazee, nitakwenda kupiga magoti. Lakini haya hayatoki humu."

Sauti yake ilikuwa ya chini muda wote, na macho yake hayakuinuka. Kisha akachukua nyundo na, bila hasira, akaanza kuyaponda maganda yale, moja moja, mpaka meza ikawa tupu. Alipomaliza alimwonyesha mzee ile mbao iliyopasuka. Shija aliigusa kwa kidole, halafu, bila kujua anafanya nini, akaligusa shavu lake.

Mzee Ntobi hakuondoka. Lori la mchana lilikwenda yeye akiwa bado amekaa juu ya kigoda, amenuna.

Mihayo akalirudia gunia. Akachagua upya, akapima vitako upya. Alipofika pa kutia moto hakugusa makaa. Alileta karai la Nyamizi la kufulia, akalitia maji, akayasimamisha maganda humo, vitako ndani ya maji na shingo juu. Kisha akachukua ile taa ya mafuta yenye ulimi wa moto ambayo mafundi hulehemia, akazipasha shingo moja baada ya nyingine. Shingo ikishabadilika rangi, alilisukuma ganda kwa kijiti likalala majini likapoa. Kule juu shaba ilitulia. Kule chini haikupata habari kwamba kuna moto. Yalipokwenda kwenye kalibu, shingo zilikubali bila kupasuka, na vitako vilibaki vigumu vile vile.

Mzee alitazama tangu la kwanza hadi la mwisho, na uso wake ukalegea kidogo kidogo. Mwishowe akamwita binti yake.

"Nyamizi, mumeo ni kama haya maganda yake. Leo amenipa kiti, amenipa maji, ameniomba radhi, na amenikatalia. Shingo motoni, kitako majini. Kumbe mtu anaweza."

Kesho yake Mihayo alijaribu tena kwa kamba nyuma ya ukuta, mara hii bunduki ikalia kama bunduki. Shija alirudi Itundwe na mbao mpya na risasi zake. Viboko waliokuja bondeni mwaka ule waliliwa wao. Mpunga ukavunwa, na maganda matupu yakarudishwa kwa fundi yakiwa na vitako vizima. Maneno yale nayo yalikwenda na mzee Ntobi, naye aliyatumia kila alipoamua ugomvi, mpaka watu wasiowahi kuiona karakana wakawa wanayasema kana kwamba yaliota kwao. Ila karakana ya Mihayo, Bibi alikiri, ilibaki na makufuli ya watu mpaka mwisho. Mtu habadiliki kwa yote.

Mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa. Wadogo waliuliza kama viboko ni watamu. Nshoma alinawa mikono, akajifunga kanga vizuri, akaenda barazani. Kutoka jikoni walimsikia akipiga magoti na kuwaamkia mashangazi mmoja mmoja, akiwauliza kama chai ilikolea, akiwashukuru kwa safari yao ya mbali. Waliitikia kwa furaha. Kisha wakamsikia, kwa sauti ile ile ya upole, akiwaambia kwamba harusi anaitaka na nyumba yao ataiheshimu, na kwamba Jumatatu anarudi chuoni.

Kule barazani kikombe kikawekwa juu ya kisosi.

Bibi Kalunde alifunika sufuria. "Shingo motoni," akasema taratibu, na wale wadogo, ambao sasa hapana aliyecheka, wakamalizia: "kitako majini."