Shuka la Magauni Kumi na Mawili

Mtoto alikuwa ametimiza miezi mitano kaburini mama yake alipompelekea wifi yake, dada wa mumewe, mfuko wa nguo. Ndani mlikuwa na magauni kumi na mawili, kuanzia la uchanga hadi la shule.

"Wifi, nishonee shuka la viraka nijifunike," alisema. "Nguo zake ni hizo tu. Hata soksi sikubakiza."

Wifi mtu alikuwa fundi wa kusifika, mwepesi wa mkono hata wateja wakambandika jina la Umeme. Alimpenda marehemu kama mwana wa kumzaa, na machozi yalimlengalenga alipokata kila gauni kipande kimoja, mabaki yakiwa vijipande visivyofaa kitu. Lakini mazoea yana taabu! Alikata kwa jicho, bila kushika futi ya kupimia.

Fundi mwenzake wa cherehani ya pili akatupa jicho.

"Umeme, vipande havilingani. Hiki kimezidi nusu kidole. Visawazishe kwanza, ndipo utie mikanda ya kuviunganisha."

"Nusu kidole tu, dada? Usinitie kiwewe! Nitavuta kidogo, pasi itamaliza mambo."

Akavuta. Kipande kilichopungua alikinyoosha kifike mwisho wa mkanda, kilichozidi alikikunja. Safu ya kwanza ikapinda kidogo, ya pili ikazidi, na kufikia ya nne mikanda haikukutana tena. "Pindo litaficha," akajisemea. Nalo pindo hakulipimia. Alichukua utepe mrefu, akaushona ukingoni huku ukijivuta, kisha akakata uliobaki. Alipolitandaza shuka mezani, jamani! Kingo zilijikunja kama jani lililokauka, na katikati pakatuna. Halikulala hata kwa pasi ya moto.

Akashika wembe, akaanza kufumua. Masikini, nguo zile zilikwisha kufuliwa mara zisizohesabika, zimechakaa na kuwa laini. Kila uzi aliouchomoa ulitoka na kitambaa. Alipunguza ukingo, ukachanika. Akapunguza tena, ukachanika tena. Gauni la uchanga likamwishia mikononi, yakabaki manyuzi. Dukani hakuna kitambaa cha namna ile, wala popote duniani.

Mama wa mtoto alikuja Ijumaa. Alivigusa vipande saba vilivyosalimika, kimoja kimoja.

"La uchanga liko wapi?"

Umeme akapiga magoti. "Nisamehe, wifi yangu. Nitakushonea jingine."

"Kwa nguo zipi?"

 Mama wa mtoto aliinama, akaokota manyuzi sakafuni, uzi kwa uzi, akayafunga kwenye leso, akatoka bila kuaga. Tangu siku hiyo hakukanyaga tena mlango ule. Umeme alilia hadi sauti ikamkauka, kwani alijua amemzika mtoto yule mara ya pili, na safari hii kwa mikono yake mwenyewe. Ama kweli, mdharau mwiba mguu huota tende.